Aliyechafua alipe: kodi ya kaboni kwa makampuni makubwa ndiyo, kwa mgongo wa motari hapana

Wandugu, wadada, vijana wenzetu wa Uvira, Kiliba, Sange, Makobola, Mboko hadi Baraka,

Siku hizi tunaulizwa swali moja kila pahali: kwenye barza, kwenye magrupu ya WhatsApp, pale wamotari wanapongojea wateja. "Ninyi munaopigana na kodi za bure kila siku, mbona sasa munasema kodi ya kaboni ni nzuri? Nani amewanunua?" Swali ni la haki. Tutalijibu bila kuzunguka.

Jibu letu ni hili. Makampuni makubwa yanayochoma mafuta, gesi na makaa ya mawe yalipe kwa kila tani ya moshi wanaotupa hewani. Yalipe Ulaya, Marekani na China, na yalipe hapa Kongo pia. Lakini kodi hiyo ikija kwetu kwa njia ambayo leta yetu imezoea, ni kusema kuibandika juu ya bei ya lita moja na kumwachia mwananchi ajitegemee, tutakuwa wa kwanza kuikataa barabarani. Haya mambo mawili tunayasema pamoja, na kwetu hayapingani.

Faktire sisi tumekwisha kuletewa

Kuna watu wanaozungumzia kodi ya kaboni kama vile ni kitu cha kesho. Wanasema: tungoje, tuone, tusiharakishe. Sisi wa Uvira hatuna kesho ya kungojea, juu kodi ya moshi tunailipa tayari, na hakuna aliyetupa risiti.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia tarehe 17 mwezi wa 4 mwaka 2020, mto Mulongwe ulitoka kwenye njia yake ukaingia katikati ya mji. Makumi ya watu walikufa. Maelfu ya nyumba ziliharibika ao zilibomoka kabisa. Mitambo ya maji ya Regideso iliguswa, na katika mji unaojulikana dunia nzima kwa kipindupindu, kukosa maji safi ni hukumu. Ilikuwa wakati wa Covid, watu wameambiwa wakae nyumbani, na nyumba hazipo.

Tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023, zamu ikafika kwa wenzetu wa Kalehe, kwenye ziwa Kivu. Bushushu na Nyamukubi, mvua ya siku moja ilizika watu zaidi ya 400.

Na mwaka 2024, ziwa Tanganyika lilipanda tena. Bandari ya Kalundu ilijaa maji. Kwenye kartie za pembeni ya ziwa watu walifunga magodoro wakahamia kwa jamaa, wengine wakajenga kwa viroba vya mchanga. Ng'ambo, Bujumbura na Gatumba, wenzetu Warundi waliona maji yaleyale. Ziwa halina pasipoti.

Ongeza samaki. Watafiti walichapisha mwaka 2003 kwamba maji ya juu ya Tanganyika yamepata joto, hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye chakula cha samaki, na kwamba uzalishaji wa ziwa ulikuwa umeshuka kwa karibu asilimia 20. Mama anayeuza ndakala sokoni hakusoma utafiti huo, lakini anaijua hesabu yake kwa kipimo cha sahani. Na mwaka 2024, nchi 4 za ziwa zilipopanga kufunga uvuvi kwa miezi 3, tangu tarehe 15 mwezi wa 5 hadi tarehe 15 mwezi wa 8, nani aliambiwa avumilie ili ziwa lipumzike? Mvuvi. Hatupingi ziwa kupumzika. Tunauliza tu: mbona anayeambiwa avumilie kwa ajili ya mazingira ni yule tu mwenye mtumbwi?

Tuseme ukweli wote, hata ule usiotufaa

Hatutaki kudanganya watu ili tuonekane na haki. Si kila tone la maji lililoingia Uvira lilitumwa na kampuni ya Texas. Milima ya Mitumba juu yetu imekatwa miti, udongo unateremka na mvua. Watu wamejenga kwenye kitanda cha mto juu hawana pengine pa kujenga, na kuko wakubwa waliowauzia viwanja hivyo na kuwapa karatasi yenye muhuri. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie, na mlango huo ukizibwa na mchanga na majani, maji yanarudi kwetu. Na ziwa lenyewe lina tabia yake ya kupanda na kushuka: katika miaka ya 1870 lilipanda sana hadi likavunja kizuizi cha Lukuga na kufungua njia upya.

Lakini hayo yote hayafuti jambo moja: hewa yenye joto inabeba maji mengi zaidi, na bahari ya Hindi ikipata joto kupita kiasi upande wetu, kama mwisho wa mwaka 2019, Afrika Mashariki inapigwa na mvua isiyo na adabu. Moshi wa dunia hauleti mvua peke yake. Moshi unaongeza uzito wa kila mvua juu ya kila kosa letu. Mtu mwenye ukuta mbovu akisukumwa na kamiyo, aliye na kosa la ukuta hamfanyi dereva kuwa mtakatifu.

Na kuko kitu kinachotuuma zaidi. Baada ya Kalehe, wanasayansi wa kimataifa walijaribu kupima ni kiasi gani mabadiliko ya hali ya hewa yalichangia vifo vile. Walishindwa. Hawakushindwa juu ya jibu kuwa hapana. Walishindwa juu ya kukosa vipimo vya mvua vya kutosha katika eneo letu. Munasikia? Watu zaidi ya 400 wanakufa, na hatuwezi hata kupeleka kesi, kwa sababu hakuna aliyeweka mashine ndogo ya kupima mvua mlimani. Umaskini wetu umekuwa wakili wa wanaotuchafulia.

"Kongo haichafui, kwa hiyo haituhusu"

Hii ndiyo hoja ya kwanza tunayoisikia, na nusu yake ni kweli. Mkongomani mmoja, kwa mwaka mzima, moshi wake wa mafuta na gesi haufiki hata sehemu 1 ya 10 ya tani. Mmarekani mmoja anakaribia tani 15. Kwa hiyo mtu akija kutupigia kelele kwamba vijana wa Uvira wapunguze kaboni yao, tutamwomba atuonyeshe kwanza hiyo kaboni iko wapi. Umeme wetu unatoka kwenye maji ya Ruzizi, siku ile unapokubali kutoka. Siku nyingine ni giza.

Lakini "haituhusu" ni uongo. Inatuhusu kama vile deni linavyomhusu mwenye kudai. Mwaka 2022, ExxonMobil ilipata faida ya karibu dola bilioni 56, na Shell karibu dola bilioni 40. Faida. Tunaongea juu ya kile kilichobaki baada ya kulipa kila mtu, isipokuwa sisi. Mwaka huohuo, kule Sharm el-Sheikh, nchi zilikubaliana kuunda mfuko wa kulipia hasara na uharibifu. Mwaka uliofuata zikaahidi karibu dola milioni 700 kwa dunia nzima yote yenye kuumia. Weka hesabu hizo mbili pembeni: ahadi za nchi tajiri zote pamoja hazifiki hata faida ya siku 5 za kampuni 1. Na mwaka 2024, kule Baku, ziliahidi dola bilioni 300 kila mwaka, lakini ifikapo mwaka 2035. Mwaka 2035 Mulongwe itakuwa imepita mjini mara ngapi?

Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kutaka kodi. Ahadi ni neno la mtu mwenye kuona huruma. Kodi ni sheria. Huruma inaisha uchaguzi ukibadilisha rais wao, kodi inaingia kila mwezi kama ushuru wa soko unavyomfikia mama wa mboga hata kama hajauza kitu. Tunataka kampuni ya mafuta isikie angalau mara moja kile anachosikia mama yule asubuhi, mtoza ushuru akimsimamia mbele.

Na si ndoto za vijana wa mtandao tu. Mwezi wa 9 mwaka 2023, viongozi wa Afrika waliokutana Nairobi waliandika katika tamko lao kwamba dunia iweke kodi ya kaboni: kwa biashara ya mafuta, kwa meli, kwa ndege. Karatasi ipo. Kilichobaki ni sisi kuwauliza viongozi wetu kila siku: mumeifuatilia wapi?

"Wawekezaji watakimbia"

Hoja ya pili ni ya wachumi wa suti. Wanasema nchi ikitoza kaboni, makampuni yatafunga yaende kwa jirani.

Afrika Kusini ilianza kodi ya kaboni mwezi wa 6 mwaka 2019, kwa randi 120 kwa tani. Viwanda vyake vya makaa ya mawe bado viko pale pale, na kama kuko ubaya katika kodi ile, ni kwamba walisamehewa mno: sehemu kubwa ya moshi, kuanzia asilimia 60, haikuguswa kwanza. Sweden ilianza mwaka 1991, ikapandisha polepole hadi ikapita yuro 100 kwa tani, na hatujasikia kwamba Waswedi wamekuwa maskini wakahamia Fizi.

Tena angalia Ulaya inafanya nini. Wameanza utaratibu wa kutoza kaboni kwenye mpaka wao: bidhaa kama chuma, saruji na alumini zikitoka nchi isiyotoza kaboni, zitalipa huko kuanzia mwaka 2026. Maana yake ni rahisi. Nchi ya Afrika isipotoza yenyewe, pesa hiyo italipwa vilevile, lakini itaingia kwenye mfuko wa Brussels. Leo bado hatuuzi vingi vya orodha hiyo. Kesho orodha itarefushwa, na siku hiyo tusianze kulia.

Na tunakumbuka wimbo huu. Mwaka 2018, Kongo ilipobadilisha sheria ya madini, makampuni makubwa yalipiga kelele vilevile: tutaondoka, mutaona. Kobalti ikawekwa kwenye madini ya kimkakati, asilimia 10. Waliondoka? Wako Kolwezi mpaka leo, wanachimba usiku na mchana. Anayefuata mali haondoki mali ikiwa bado chini.

Tunaogopa nini basi? Tunaiogopa leta yetu

Hapa ndipo tunapotengana na marafiki wengine wa mazingira, wale wanaofikiri kodi ni nzuri kwa sababu tu jina lake ni la kijani.

Munakumbuka RAM. Mwaka 2020 tuliambiwa ni kwa usalama wetu, ni kusajili simu, kupambana na simu bandia. Kilichotokea, inite zilianza kupotea. Dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya 3G na kuendelea. Mwanafunzi ananunua inite za franga 500 apige kwao, anakuta zimekatwa. Makampuni ya simu hayakutoa kitu mfukoni mwao. Yaligeuzwa watoza ushuru na sisi tukageuzwa mifuko. Katiba yetu, kifungu cha 174, inasema hakuna kodi isiyowekwa na sheria. RAM ilipita dirishani. Ilihitaji kelele za nchi nzima, bungeni na barabarani, hadi ikaondolewa mwaka 2022. Na pesa zilizokwisha kukatwa, nani amezirudishiwa?

Munajua FONER pia. Kwa sheria ya mwaka 2008, kila lita ya mafuta inayouzwa kihalali nchini inalipia mfuko wa kutengeneza barabara. Basi panda gari la Uvira kwenda Baraka wakati wa mvua, halafu utuambie pesa ile inalala wapi.

Kwa hiyo mtu akituambia "tuongeze franga kidogo juu ya lita kwa ajili ya hewa safi," tunamjua. Lita ile ananunua motari ambaye tayari ametoa franga kwa polisi wa rulaji, kwa mwenye pikipiki na kwa kila kamba iliyofungwa barabarani. Ananunua mama wa mashine ya kusaga mihogo. Ananunua mvuvi mwenye injini. Tajiri ataongeza bei ya bidhaa zake jioni hiyohiyo, lakini motari ataongezea nani bei? Abiria anashuka anatembea kwa mguu.

Tuna mifano ya waliojaribu kubebesha wadogo. Ufaransa ilipandisha kodi ya kaboni kwenye mafuta ya magari, na mwezi wa 11 mwaka 2018 watu wa vijijini walivaa vizibao vya njano wakafunga barabara hadi serikali ikaacha kupandisha. Kenya, mwaka 2024, waliweka "kodi ya mazingira" ndani ya mswada wa fedha, ikigusa hadi pampasi za watoto na simu. Mwezi wa 6 vijana waliingia barabarani, wengine walipigwa risasi wakafa, na mswada ukaondolewa. Wale vijana hawakuwa maadui wa mazingira. Walikataa jina la mti litumiwe kuwavua shati. Tungefanya vilevile.

Lakini kuko mfano mwingine. Hadi mwaka 2025, Kanada ilikuwa ikitoza kaboni kwenye mafuta ya wananchi, na sehemu kubwa ya pesa ilirudishwa moja kwa moja kwa familia, kila miezi 3, kwenye akaunti zao. Familia ya kawaida ilipokea, aliyechoma sana ndiye aliyelipa kuliko alichopokea. Kwa hiyo inawezekana. Njia ya pesa ndiyo inayoamua kama kodi ni haki ao ni wizi.

Tufanye hesabu pamoja

Tusiongee hewani. Lita 1 ya mazutu ikichomwa inatoa karibu kilo 2.7 za kaboni. Lita 1 ya esanse, karibu kilo 2.3.

Motari anayechoma lita 4 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, anatoa chini ya tani 3. Ukimtoza dola 5 kwa tani, utapata dola 14 kwa mwaka, na ili uzipate utahitaji mtoza ushuru, gari lake, chakula chake na rushwa yake. Hasara tupu, na chuki juu yake.

Sasa chukua kampuni inayochoma lita milioni 1 za mazutu kwa mwaka: jenereta za minara ya simu, migodi, malori ya safari ndefu, viwanda vya pombe na saruji. Hizo ni tani 2,700. Kwa dola 5 kwa tani, ni dola 13,500. Kwa kampuni ya ukubwa huo, ni kitu kidogo kuliko wanavyotumia kubandika matangazo ukutani. Lakini makampuni kama hayo yakiwa 100, ni zaidi ya dola milioni 1, kwa bei ya kuanzia tu. Na kampuni ikiona kila lita ya mazutu ina bei ya ziada inayopanda kila mwaka, itaanza kuweka sola juu ya mnara, na jua la Uvira halitozwi na mtu.

Kwa hiyo mstari wetu uko wazi: asiyefika lita 100,000 kwa mwaka asiguswe. Motari, Kadhafi wa chupa barabarani, mashine ya kusaga, mtumbwi wa injini, jenereta ya hospitali, mama wa makala: wasiguswe. Aliye juu ya mstari alipe yeye mwenyewe, kwa faktire zake za mafuta, na asionekane ameandika "kodi ya kaboni" kwenye bei ya mteja.

Mtasema: atapandisha bei kimyakimya. Anaweza kujaribu. Ndiyo maana tunataka kodi ianze chini, ipande polepole, itangazwe hadharani kampuni kwa kampuni. Kampuni ya simu iliyolipa dola 13,500 haiwezi kuja kuwaambia mamilioni ya wateja kwamba ndiyo sababu ya kupandisha megabaiti. Hesabu itakuwa ukutani, na vijana wanajua kugawanya.

Huwezi kutoza moshi na kuuza visima

Jambo la mwisho ni la wakubwa wa Kinshasa. Mwezi wa 11 mwaka 2021, kule Glasgow, rais alitia sahihi makubaliano ya dola milioni 500 kwa miaka 5 ili kulinda misitu. Tuliitwa "nchi-suluhisho". Haikupita hata mwaka. Mwezi wa 7 mwaka 2022, nchi-suluhisho ikaweka mnadani vitalu 27 vya petroli: 9 katika bonde la kati, pale ambapo ardhi oevu ya Kongo hizi mbili imeficha tani karibu bilioni 30 za kaboni, 4 upande wa ziwa Albert na Virunga, na 11 upande wa bonde la ziwa Tanganyika. Ndiyo, upande wetu. Ziwa ambalo mamilioni ya watu wa nchi 4 wanakunywa, wanaoga na kula.

Mwezi wa 10 mwaka 2024 mnada ulifutwa. Walisema wanunuzi hawakutosha, karatasi hazikukamilika. Hawakusema kwamba lilikuwa wazo baya. Aliyefuta juu ya kukosa mteja atafungua tena duka siku mteja akija. Tunaandika hapa ili ibaki: siku hiyo sisi tutakuwa mlangoni.

Serikali isituletee kodi ya kaboni kwa mkono mmoja na visima kwa mkono mwingine. Na isituletee biashara ya kuuza hewa ya misitu kwa makampuni ya nje ili yaendelee kuchafua kwa amani, halafu kijiji chenye msitu kinapata mpira wa miguu na fulana. Anayechafua alipe na apunguze. Kununua cheti si kupunguza.

Tunachodai

Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na wajibu wa kuyatetea. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 mwezi wa 7 mwaka 2011 inasema tayari kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Hatuombi zawadi. Tunaomba yaliyoandikwa yatekelezwe. Kwa hiyo:

1. Kodi ya kaboni iwekwe na Bunge, kwa sheria iliyojadiliwa mbele ya watu, kama kifungu cha 174 kinavyotaka. Ikija kwa karatasi ya waziri usiku, ni RAM nyingine na tutaipokea kama RAM.

2. Iguse tu wanaochoma zaidi ya lita 100,000 kwa mwaka. Hakuna franga hata moja juu ya lita ya mwananchi.

3. Sheria ya madini imekwisha kuonyesha kwamba mgawanyo unaweza kuandikwa kwa asilimia: 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka za chini, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa kaboni tunataka ngazi igeuzwe: angalau nusu ishuke moja kwa moja kwa miji na teritware zilizopigwa na mafuriko na maporomoko. Kinshasa ingojee nyuma ya foleni, kama sisi tulivyozoea.

4. Kazi za kwanza Uvira zijulikane kabla ya pesa kuingia: kuta za mito Mulongwe, Kavimvira na Kalimabenge, viwanja salama kwa waliobomolewa, miti juu ya Mitumba ikipandwa na kulindwa na vijana wanaolipwa, vipimo vya mvua mlimani na watu wa kuvisoma, kwa kushirikiana na kituo cha utafiti wa ziwa tulicho nacho hapa mjini. Na Kongo ikae na Burundi, Tanzania na Zambia juu ya kusafisha na kusimamia mlango wa Lukuga.

5. Kila miezi 3, orodha ibandikwe kwa meya, kwa kila shefu wa kartie na kwenye mtandao: nani amelipa, kiasi gani, kimefanya nini. Kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha wanasheria peke yake.

6. Vitalu vyote vya petroli vya bonde la Tanganyika vifutwe kwa sheria, bila kungojea mteja.

7. Wajumbe wa Kongo kwenye mikutano ya kimataifa wadai kodi ya dunia juu ya mafuta, meli na ndege, kama ilivyoandikwa Nairobi, na warudi kutuambia walisema nini na walijibiwa nini.

Ninyi munaosoma kwenye simu

Kazi si ya wale wachache wanaoshika mabango tu. Piga picha ya alama ya maji kwenye ukuta wa nyumba yenu, andika tarehe na kartie, tutumie. Andika jina la mto uliowapitia na mwaka. Wapapa na wamama wenye kumbuka mafuriko ya zamani, waulizeni, warekodini. Wametunyima vipimo, basi tutakuwa vipimo wenyewe hadi siku mashine zitakapokuja.

Na wabunge wa Uvira wakirudi likizo kusalimia watu, wasisalimiwe kwa ngoma. Wasalimiwe kwa swali moja: kuhusu kodi ya kaboni, utapiga kura upande wa nani, mwenye jenereta 200 ao mwenye pikipiki 1?

Sisi tumekwisha kuchagua. Maji yalipoingia Uvira hayakuuliza nani alichoma mafuta. Sheria lazima iulize.

Imeandikwa Uvira, mwezi wa 12 mwaka 2024